Cheo Kibaki Mlangoni

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, kwa wanachama wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Kamati yenu imenipa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo, likitazamwa kwa haraka, huonekana liko mbali na shughuli za chama cha kusaidiana: namna vyama vya watu wa dini vinavyoendeshwa ndani ya majeshi. Nadhani kamati haikukosea. Sisi wa ng'ambo, tuliokizunguka kisiwa cha Mvita pande zote, tumekaa na askari tangu zamani. Likoni iko Mtongwe, kituo cha Jeshi la Wanamaji lililoanzishwa mwezi wa Desemba 1964. Upande wa kaskazini iko kambi ya Nyali. Port Reitz, Changamwe, palikuwa na uwanja wa ndege za vita katika Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo katika daftari letu wamo askari wastaafu, wamo wajane wa askari, na wamo watoto waliozaliwa katika nyumba za kambi.

Tena iko sababu ya pili, nayo yajulikana na kila mtu aliyesoma karatasi ya mkutano huu. Limeletwa azimio la kutaka viti vitatu vya kamati viwekwe kwa ajili ya maofisa wastaafu, bila kupigiwa kura, kwa kuwa watu hao wamezoea utaratibu. Wengine wameliunga mkono; wengine wamenyamaza, na kunyamaza kwao si kukubali. Sikuja hapa kuwapigieni kura. Nimekuja kuwaonyesha jinsi waumini walioishi chini ya amri za jeshi walivyolitatua jambo hili hili la cheo na udugu, ili mpige kura mkiwa na mwanga.

Nianze na tofauti iliyopo kati ya jeshi na chama. Jeshi husimama kwa amri. Mtu haulizwi kama amependa. Huambiwa, naye hutenda. Chama cha hiari husimama kwa ridhaa: mtu huingia kwa kupenda, hutoa ada yake kwa kupenda, na siku akiudhika huondoka. Basi chama cha waumini ndani ya kambi kimewekwa katikati ya mambo mawili yanayovutana. Asubuhi, koplo humpigia saluti meja. Jioni, hao wawili huketi jamvi moja au benchi moja, mmoja husoma na mwingine husikiliza, na mbele ya Mungu hapana aliye juu ya mwenzake. Kama amri ya asubuhi ikiingia jioni, chama hugeuka kuwa gwaride jingine. Kama udugu wa jioni ukiingia asubuhi bila adabu, jeshi huharibika. Wote waliofaulu walifaulu kwa kujua mpaka uko wapi.

Katika jeshi la Kiingereza, ambalo ndilo mama wa Keya iliyoundwa mwaka 1902, gwaride la kwenda kanisani lilikuwa la lazima kwa miaka mingi. Askari walipangwa mistari, viatu viking'aa, wakapelekwa ibadani kama wanavyopelekwa shabaha. Mtu aliyekwenda kwa amri hapana ajuaye kama ameamini. Bali wale wachache waliokutana baadaye kwa hiari yao, katika chumba kidogo, bila tarumbeta, hao ndio walioshikana mikono katika ugonjwa na msiba. Wanubi waliotumikia Keya nao walihifadhi Uislamu wao kutoka kambi hata kambi, na hata walipopewa makao Kibera, Nairobi, mwanzoni mwa karne ya 20, waliendelea kuwa jamaa moja. Hapana kamanda aliyewaandikia amri ya kufunga Ramadhani.

Sasa natazama Vita Kuu ya Kwanza, maana ndiyo iliyowagusa wazee wetu zaidi. Vita hivyo vilipoingia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, mizigo ya majeshi ilibebwa kwa vichwa vya watu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na midomo yetu ikakiita Kariakoo. Jina hilo lingali likikaa Nairobi na Dar es Salaam. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa, na kwa chakula kibaya.

Katika shida hiyo walitokea watu wawili wa dini ambao habari zao zafaa kusimuliwa pamoja. Wa kwanza ni Frank Weston, Askofu wa Unguja. Mwaka 1916 watu wa Unguja walipotakiwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi, askofu huyo hakubaki nyumbani kuwaombea kwa mbali. Alikusanya kikosi, akakiongoza mwenyewe, akapewa cheo cha meja, akatembea nao barani. Wa pili ni Dakta John Arthur wa misheni ya Waskoti ya Kikuyu. Mwaka 1917 serikali ilipoanza kukamata watu kwa wingi sana, yeye na wenzake waliunda kikosi cha wapagazi wa hiari kutoka misheni mbalimbali, karibu watu 2,000, wakaenda vitani chini ya viongozi waliowajua na waganga waliowajali.

Ndugu zangu, kumbukeni kwamba pande hizo mbili zilikuwa zimegombana vikali. Mwaka 1913 ulifanyika mkutano wa misheni huko Kikuyu, na mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya meza ya Bwana pamoja na watu wa makanisa mengine. Weston alighadhibika, akamshtaki Peel, na Willis wa Uganda pamoja naye, mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Ugomvi huo ulivuma hata Uingereza. Haikupita miaka minne, na mtu wa upande huu na mtu wa upande ule wote wako njiani, kila mmoja na wapagazi wake, wakihangaika na jambo lile lile: unga upo? Maji ni safi? Huyu mgonjwa abebwe na nani? Na mwaka 1918, mkutano ulipofanyika tena Kikuyu, Weston mwenyewe alihudhuria, akaleta mashauri yake juu ya umoja. Sisemi kwamba mzigo uliondoa tofauti zao za dini, haukuziondoa. Nasema kwamba kiongozi aliyeonekana njiani pamoja na watu wake hupata heshima ambayo nishani haiwezi kumpa. Weston alikuwa na cheo cha meja, lakini hakikuwa meja kilichowafanya watu wamfuate.

Mfano mwingine watoka Ulaya katika vita hivyo hivyo. Mwezi wa Desemba 1915, katika mji mdogo wa Poperinge, nchi ya Ubelgiji, karibu na mstari wa mapigano, kasisi wa jeshi aitwaye Philip Clayton alifungua nyumba ya mapumziko kwa askari, iliyoitwa Talbot House. Palikuwa na chai, vitabu, bustani, na juu darini palikuwa na kanisa dogo. Mlangoni pa chumba cha kasisi palibandikwa maneno ya kumtaka kila aingiaye aache cheo chake nje. Jenerali aliweza kuketi kando ya askari aliyetoka katika handaki jana. Kutoka nyumba hiyo, baada ya vita, kilizaliwa chama kiitwacho Toc H, ambacho kilienea katika nchi nyingi na kujishughulisha na kazi za hisani.

Wako watakaouliza: je, hiyo si kuvunja adabu? Sivyo. Askari alipotoka nje ya nyumba ile alipiga saluti kama kawaida. Cheo hakikutupwa, kiliwekwa mlangoni, kama viatu viwekwavyo mlangoni pa msikiti. Hapana mtu asemaye kwamba viatu ni vibaya. Twaviacha kwa sababu mahali tunapoingia si pa viatu, na tukitoka twavivaa tena.

Faida ya desturi hiyo ni ya kazi, wala si ya maneno matamu tu. Mtu hawezi kueleza shida yake ya nyumbani, au deni lake, au ulevi wake, mbele ya yule awezaye kumwadhibu kesho. Kadhalika askari mdogo hawezi kumwuliza mweka hazina, «Bwana, shilingi hizi zimekwenda wapi?» ikiwa mweka hazina ndiye amwandikiaye ruhusa ya likizo. Pale cheo kinapoingia ndani, ukweli hutoka nje. Na chama kisichosikia ukweli wa wanachama wake hakiwezi kuwasaidia, hata sanduku lake likijaa.

Hapo nataka kutaja magonjwa matatu yanayovipata vyama vya namna hii.

Ugonjwa wa kwanza ni kiti kumfuata mwenye cheo. Mkubwa akiingia katika chama, watu humpa uenyekiti kwa adabu, naye huukubali kwa adabu, na tangu siku hiyo mkutano huwa mahali pa kupokea maagizo. Hakuna aliyefanya ubaya. Kila mmoja alikuwa mpole tu. Lakini upole huo huua.

Ugonjwa wa pili ni mchango kugeuka amri. Karani wa mishahara akipewa orodha na kuambiwa akate kwa kila mtu, fedha huja nyingi na upesi, na wote hufurahi. Baada ya muda mwanachama hajui tena kwamba ametoa. Ajua kwamba amekatwa. Ridhaa imekwenda, na pamoja nayo imekwenda ile hamu ya kuuliza hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari lisilosomwa mbele ya watu ni sawa na kutokuwa nalo.

Ugonjwa wa tatu ni siri. Jeshi lolote huogopa mikutano ya usiku isiyojulikana, na Kenya ina sababu ya kuogopa. Mwezi wa Januari 1964 askari wa Lanet waliasi. Tarehe 1 Agosti 1982 watu wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali, na jeshi hilo likavunjwa na kuundwa upya. Basi chama cha waumini kikutanacho kwa mafumbo, hata kama nia yake ni sala tu, hujitia katika shaka na kuwatia wenzake katika hatari. Katiba ya mwaka 2010 yenyewe, katika kifungu cha 24, yaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za walio katika majeshi ya ulinzi na polisi, na miongoni mwa haki hizo ni uhuru wa kujiunga na vyama na uhuru wa kukusanyika. Lakini katika orodha hiyo haimo haki ya dini iliyo katika kifungu cha 32, ambayo ni haki ya mtu peke yake na pamoja na wenzake. Angalieni jinsi njia ilivyo nyembamba. Askari aweza kumwabudu Mungu pamoja na wenzake, lakini chama chake chapaswa kuwa wazi: kamanda ajue siku, ajue mahali, ajue viongozi, wala asiwe yeye mwenye kuchagua viongozi hao. Wazi kwa kamanda, lakini si mali ya kamanda. Huo ndio mwendo wa sawasawa.

Katika njia hiyo nyembamba husimama kasisi wa jeshi, padre, mchungaji au imamu. Yeye huvaa nguo za jeshi na hubeba dini. Hula mezani pa maofisa, na husikiliza siri za askari wadogo. Kanisa Katoliki liliweka uongozi maalumu kwa majeshi ya Kenya tangu mwaka 1964, na Waislamu na Waprotestanti nao wana watumishi wao humo. Mtu wa kazi hiyo akiwa mkubwa kwa askari, hawamfikii. Akiwa mdogo kwa maofisa, hawamsikii. Aliyefaulu ni yule ambaye cheo chake hukitumia kumfungulia njia mnyonge, siyo kujifungulia yeye.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Liko jambo zuri ambalo vyama hivi vimelipata kwa jeshi, nasi twapaswa kulitamani. Askari huhamishwa. Leo yuko Nyali, mwakani yuko Garissa au Nanyuki, na taarifa huenda ikaja kwa siku chache. Chama kilichomtegemea mtu mmoja, akihamishwa, hufa. Kwa hiyo hapana budi kila katibu awe na naibu ajuaye kazi yote, daftari liwe na mwandiko usomekao na mtu yeyote, ufunguo wa sanduku ukabidhiwe mbele ya mashahidi, na hesabu zifungwe siku ya makabidhiano. Sisi tusiohamishwa hukaa katika kiti kimoja miaka 15, na tukifa twaenda na chama kaburini. Hapo askari wametushinda.

Liko na jambo la kuangaliwa katika historia ya pwani yetu wenyewe. Wazee hapa wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, habari za beni. Ngoma hiyo ilianza katika miji yetu ya pwani, Lamu na Mombasa, karibu na mwisho wa karne ya 19, kisha ikaenea pamoja na askari na wapagazi hata mbali barani. Vyama vya beni viliiga jeshi: bendi, mavazi, gwaride, na vyeo vya kifalme na vya kijenerali. Mchukuzi wa bandarini mchana aliweza kuwa mkubwa wa kikosi jioni. Masheikh na wamisionari hawakuipenda, lakini tukubali kwamba ndani yake mlikuwa na kusaidiana katika ugonjwa na maziko. Kilichowadhuru ni mashindano. Kila upande ulitaka karamu yake ipite ya wenzao, na fedha zikateketea kwa ajili ya fahari. Hapo twaona kwamba cheo hata kikiwa cha mchezo kina njaa yake, na chakula chake ni sanduku la wanyonge.

Wazee wangu, nakaribia mwisho. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka katika bandari yetu kwenda Colombo. Ilipita katika mlango ule ule unaotazamana na Likoni. Tarehe 12 ya mwezi huo manowari ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa muda wa dakika chache, na zaidi ya watu 1,200 walipotea. Walikuwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, walikuwamo wauguzi wanawake, walikuwamo maofisa. Bahari haikuuliza nyota za begani. Hapana jeneza lililorudi, hapana kaburi la kufagiliwa. Aliyebaki ni mjane na mtoto, na swali la kwamba nani atawashika mkono.

Kwa swali hilo chama cha kusaidiana hupimwa. Msaada wa maziko ukiwa wa namna moja kwa mjane wa meja na kwa mjane wa mpishi wa kambi, hapo chama kimesimama. Ukipishana, hata kwa jambo dogo kama idadi ya viti au ukubwa wa gari, basi tumerudisha ndani kile tulichokiacha mlangoni.

Kwa hiyo juu ya azimio lililo mbele yenu nasema hivi, kwa heshima ya wote walioliandika. Maofisa wastaafu wana elimu ambayo chama chakihitaji: kushika wakati, kuandika ripoti, kukabidhi kazi, kutunza vyombo. Tuwaombe elimu hiyo kwa mikono miwili. Watufundishie makatibu wetu vijana, watukagulie stoo, watupangie siku za maziko ziende kwa utaratibu. Wakitaka viti, waje kama sisi sote, wasimame mbele ya wanachama, wapigiwe kura. Na ninavyowajua watu wetu, wengi wao watachaguliwa. Kiti cha kura kina nguvu kuliko kiti cha zawadi, maana aliyekupa aweza kukuuliza, na ukiulizwa ukajibu, heshima yako yazidi.

Tena naomba kamati ifikirie mambo matatu madogo. Mkaguzi wa hesabu asiwe mtu aliyepata kuwa chini ya mweka hazina kazini, wala jamaa yake. Kila mwenye kazi awe na naibu aliyefundishwa, na makabidhiano yaandikwe. Na hesabu zisomwe kwa sauti katika matawi yote matatu, Likoni, Kisauni na Changamwe, si katika mkutano huu mmoja tu, ili mama aliyeshindwa kuvuka feri naye azisikie na aulize.

Pale Kengeleni, Kisauni, ingalipo kengele ya Freretown, mji uliojengwa na misheni tangu mwaka 1875 kwa watu waliookolewa katika utumwa. Kengele hiyo ililia kuwaonya wakazi hatari ilipokaribia. Wale waliokuwa wakiamka kwa sauti yake walitoka makabila mengi, na wengi walikuwa wamenyang'anywa hata majina ya baba zao. Hawakuwa na cheo cha kuacha mlangoni. Walikuwa na wenzao tu, na kwa hao wenzao walijenga mji. Sisi tulio na vyeo, na mali, na majina, tusishindwe na watu wale.

Penye wazee haliharibiki neno. Nimesema, ninyi mtaamua. Namwomba Mwenyezi Mungu, ambaye kila mmoja wetu humwita kwa ibada yake, awabariki wanachama wote, awarehemu waliotutangulia nchi kavu na baharini, na atupe mwaka wa amani.